Wadudu Ishirini na Watatu wa Kituo cha Tatu

Jumatatu, 2 Machi

Nimekabidhiwa mto. Si wote. Kipande cha hatua mia mbili chini ya daraja, lakini mto ni mto.

Kamati ya Kulinda Mto imegawa vituo vinne vya kupimia maji. Cha kwanza, kule juu kwenye chemchemi, ni cha Mwalimu mstaafu, ambaye pia ni mwenyekiti. Cha pili, penye mawe ya kuvukia, ni cha Dobi. Cha tatu ni changu. Cha nne, chini kwenye bustani za mboga, ni cha shangazi yangu. Kila mmoja kapewa mrija wa kupimia uwazi wa maji, wavu, sinia jeupe na kizibao cha kung'aa. Kazi yenyewe: unashuka mtoni mara moja kwa wiki, unageuza mawe, unakinga wavu, unahesabu wadudu.

Afisa wa Maji, dada mrefu mwenye mabuti ya mpira yanayomfika magotini, katueleza kwamba kuna mdudu mdogo mwenye mikia mitatu asiyevumilia uchafu. Wakiwa wengi, maji ni salama. Wakitoweka wakabaki minyoo myekundu, kuna jambo.

Kisha akatamka neno lililonifanya nikae wima. Vituo vinahitaji msimamizi mkuu. Atachaguliwa baada ya wiki tatu, kwa kuangalia nani kafanya kazi vizuri zaidi. Mwalimu akamtazama Dobi. Nilimwona. Dobi akatazama kucha zake, kwa ule unyenyekevu wake unaoudhi.

Mimi ni mchoraji wa mabango. Nusu ya mtaa huu inasomeka kwa sababu yangu. Nimerudi dukani, nimetandaza kizibao mezani, nimeandika mgongoni kwa rangi nyeupe: MSIMAMIZI MKUU. Cheo tayari kipo. Kilichobaki ni kupewa.

Mke wangu, katibu wa kamati, kakitazama kizibao muda mrefu. Kasema herufi zimekaa vizuri. Hajaongeza neno. Miaka kumi na tisa ya ndoa. Najua huyu akinyamaza ndiyo kasema.

Ijumaa, 6 Machi

Siku ya kwanza ya kupima. Njia ya kushuka kutoka darajani ni ya udongo mwekundu, na jana ilinyesha. Hatua tano za kwanza nilienda kwa miguu. Tano zilizofuata nilienda kwa makalio. Nikanasa kwenye kichaka, nikautazama mto kwa mbali. Ulikuwa unapita. Nikaridhika. Nikapanda kurudi kwa magoti.

Fomu za vituo vyote zinaachwa dukani kwangu ili nimfikishie katibu. Huo ni uzembe wa kamati, si wangu. Ya Dobi ilikuwa juu ya meza. Wadudu wa mikia mitatu: kumi na mmoja. Kaandika hadi saa na hali ya mawingu.

Nikakaa na fomu yangu tupu. Nikafikiri hivi: kwangu kuna daraja, daraja lina kivuli, na kiumbe yeyote mwenye akili anapenda kivuli. Lazima kwangu wawe wengi kuliko kwake. Huo si uongo, ni makadirio. Nimeandika kumi na wanne. Mawingu: ya wastani.

Jumanne, 10 Machi

Dobi kapima mapema wiki hii. Kumi na tisa. Sijui anawapata wapi. Huenda anawaita kwa majina.

Nimeandika ishirini na watatu. Niliwaza thelathini, nikaona ni majivuno.

Leo nimemaliza bango la duka la dawa. Kijani cha kupendeza, herufi zenye kivuli. Nimesafisha brashi kwa tina, ile dawa kali ya kuyeyusha rangi, nikaimwaga kwenye bomba la nyuma kama kila siku, nikafunga.

Shangazi kapita akitoka bustanini. Analalamika miche yake ya nyanya inakuwa njano na kudondosha majani, mwezi wa pili sasa. Kasema pengine ni mkono wake, umezeeka. Nimemshauri aongeze mbolea. Nilikuwa na haraka.

Alhamisi, 12 Machi

Balaa.

Afisa wa Maji kanipigia simu. Kasema ameziona namba zangu na hajapata kuona kitu kama hicho: kituo kilicho chini ya nyumba na maduka kinakishinda hata cha chemchemi. Anakuja keshokutwa na kamati nzima. Nikauliza wanakuja kufanya nini.

"Kujifunza, Fundi," akasema. "Nataka uwaonyeshe wenzako unavyofanya."

Nimekata simu nikabaki nimeishika. Sijawahi kulowesha wavu wangu. Bado una karatasi ya dukani.

Nimefikiri tangu saa tano hadi saa nane. Wateja wawili wameondoka bila kuhudumiwa. Hatimaye nimepata njia. Wadudu hawana anwani. Wa kituo cha pili wanaweza kabisa kuwa wa kituo cha tatu, wakipata usafiri.

Ijumaa, 13 Machi

Usafiri umefanyika.

Nilifika kwenye mawe ya Dobi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ndoo mkononi. Wadudu wapo, wamejaa tele, wanakimbia chini ya mawe kama wana kesi. Nimewapata thelathini na mmoja. Nimeanguka mara mbili. Mara ya pili nilikaa tu mle mle majini nikaendelea na kazi.

Wakati wa kuvuka barabara nikakutana na Dobi mwenyewe, furushi la mashuka kichwani. Akanisalimia. Akauliza nimebeba nini. Nikasema maji. Akaitazama suruali yangu, inavuja. Akauliza kama ni ya mtoni. Nikamwambia ni ya kuoshea brashi. Akasema nikipungukiwa maji nisihangaike kushuka mtoni, bomba lake halikauki, nichote tu.

Huyu mtu hajui kabisa kushindana.

Nimewapanda wadudu ishirini na watatu chini ya mawe yangu, mmoja mmoja, kama miche. Wanane nimewaacha kwenye ndoo, bafuni, wawe akiba.

Jumamosi, 14 Machi

Kamati ilikuja yote. Nilivaa kizibao. Mwalimu akausoma mgongo wangu kwa sauti, kama anasahihisha daftari.

Nikaingia majini. Nikageuza jiwe la kwanza kwa madaha. Hakuna kitu. La pili, hakuna. La tatu, wadudu wawili, mikia mitatu kila mmoja, wamekunjamana, wamekufa. Afisa akachukua wavu kutoka mkononi mwangu, akafanya yeye. Robo saa. Ndani ya sinia jeupe tukapata maiti saba na minyoo myekundu mingi, hai na yenye afya njema.

Afisa akaniuliza, "Fundi, hawa jana walikuwepo?"

"Jana walikuwepo," nikasema. "Ishirini na watatu. Wazima."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza mwezi huu kusema ukweli juu ya mdudu.

Afisa akachuchumaa, akateka maji kwa kiganja, akayanusa. Kasema wadudu wote hao hawafi kwa siku moja bila sababu. Wa kituo cha pili ni wazima. Kwa hiyo kuna kitu kinaingia mtoni katikati ya cha pili na cha tatu. Tukainua macho wote kwa pamoja. Katikati ya cha pili na cha tatu kuna kamba sita za nguo, zimejaa mashuka meupe yanayopepea.

"Sabuni," Mwalimu akasema.

Dobi akasema hamwagi hata tone mtoni, ana shimo la kuchuja maji. Kalisema taratibu. Imeamuliwa kikao kifanyike Jumamosi ijayo. Ikithibitika ni yeye, atahamishwa pale. Pale ndipo alipokuwa akifulia baba yake.

Nitaandika ukweli, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Nilifurahi. Nilifurahi hadi wakati wa chakula cha mchana. Baada ya chakula furaha ikapungua kidogo, lakini ilikuwepo. Mwalimu kaniteua mimi nitembee ukingoni, nitafute uchafu unapoingilia, niandike ripoti.

Jumatatu, 16 Machi

Nimeanzia kwa Dobi, natafuta povu.

Hakuna povu. Nyuma ya kamba zake kuna shimo limezungushiwa matofali na kufunikwa mbao. Nimechungulia. Kokoto, halafu mkaa, halafu mchanga, kila kimoja na nafasi yake. Pembeni kapanda migomba miwili, inakunywa maji yanayobaki, imenenepa. Nilizunguka mara tatu nikitafuta kasoro. Mtu anafulia mtaa mzima na ardhi inayomzunguka ni safi kuliko sebule yangu.

Nikashuka ukingoni. Hatua thelathini hivi kabla ya daraja kuna matete mengi. Nikayatenganisha.

Mawe yalikuwa ya rangi. Mekundu, ya njano, ya buluu, ya kijani, rangi juu ya rangi, zimetiririka kama nta ya mshumaa. Jambo la kwanza lililonijia ni kwamba yanapendeza. Jambo la pili ni kwamba ule wekundu naufahamu. Ni wa bucha, wa mwaka juzi. Buluu ni ya shule. Kijani ni cha duka la dawa, cha Jumanne. Nimekigusa, bado kinanata. Na njano ni ya lile bango kubwa darajani, ambalo kamati iliniomba nami nikalichora bure, mwezi wa kwanza: MTO HUU NI WETU, TUUTUNZE.

Juu ya mawe kuna mdomo wa bomba. Nimelifuata kwa macho. Linapanda ukingo, linapita chini ya uzio, linaingia uwani. Uwani mwangu.

Miaka kumi na moja nimemwaga tina kwenye bomba lile. Alilitengeneza mpangaji aliyenitangulia, kinyozi. Sijawahi kujiuliza linakwenda wapi. Nilidhani bomba linakwenda tu. Kwamba ndiyo kazi ya bomba.

Nimeyafunika mawe kwa matete. Nimerudi dukani. Sijashika brashi.

Jumanne, 17 Machi

Nimeamka na suluhisho. Mawe yakiwa safi, hakuna ushahidi. Bila ushahidi, si Dobi wala mimi. Kila mtu anabaki alipo. Ni suluhisho la haki kabisa.

Sabuni haikutoa kitu. Brashi ya waya imetoa kidogo. Nikakumbuka kwamba mimi ni fundi, na fundi anajua rangi iliyokauka inatolewa kwa nini. Nimetumia lita mbili za tina na matambara manne. Mawe yaling'aa. Nilisimama nikayatazama kwa fahari. Mto ulikuwa unanuka kama duka langu.

Saa kumi Shangazi kaja dukani. Hakubisha hodi. Kaketi juu ya debe la rangi, kanga imelowa hadi magotini. Kasema samaki wanaelea kwenye ukingo wake, wadogo wadogo, weupe tumboni, amehesabu mpaka akaacha. Na asubuhi hiyo hiyo alikuwa amemwagilia matuta yote kwa maji yale. Matuta yote.

"Mwanangu," akasema, "miezi miwili nalaumu mkono wangu. Nilishaanza kufikiria nikuachie bustani, mimi sifai tena. Kumbe ni yule Dobi."

Baba alipofariki nilikuwa na miaka saba. Bustani ile ndiyo iliyonilisha, ikanisomesha, ikaninunulia brashi yangu ya kwanza. Nikampa maji ya kunywa. Akauliza kwa nini nanuka hivyo. Nikasema kazi.

Chakula cha jioni sikukigusa. Mke wangu kaniangalia, kaangalia matambara manne ndani ya ndoo ya taka, kaondoa sahani. Maji yamenifika shingoni, na si maji ya kunywa.

Jumamosi, 21 Machi

Kikao. Darasa la shule, madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Shangazi alikuwa mstari wa mbele. Dobi aliketi peke yake karibu na dirisha, shati limepigwa pasi kama la bwana harusi. Kila mtu alikuwa ameacha dawati moja tupu kati yake na yeye.

Afisa akasoma namba zangu. Kumi na wanne. Ishirini na watatu. Sifuri. Zilisikika kama kesi iliyokwisha. Akaeleza habari za samaki.

Dobi alipopewa nafasi alisimama, akasema maneno machache tu. "Nafua pale tangu nikiwa namsaidia baba. Mkisema nihame, nitahama. Lakini njooni kwanza mlione shimo langu." Akaketi. Hakuna aliyeinuka kwenda kuliona.

Ikaja zamu ya ripoti yangu. Nilikuwa nayo mfukoni, kurasa mbili, nimeiandika vizuri: chanzo cha uchafu hakijajulikana, uchunguzi unaendelea. Nikaifungua. Mke wangu alikuwa mezani na kalamu yake, ameshaandika "Ripoti ya Kituo cha Tatu" na kupiga mstari chini yake. Hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa anatazama mikono yangu. Nami nikaitazama. Chini ya kucha kulikuwa na njano.

"Bomba ni langu," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo. Mwalimu akaniomba nirudie, huko nyuma hawakusikia. Kukiri mara moja kunaumiza. Mara mbili kwa sauti ya juu ni kitu kingine kabisa.

Nikaeleza. Bomba, tina, mawe, matambara. Nikasema samaki wa Jumanne ni wangu na nyanya za Shangazi ni zangu. Nikasema shimo la Dobi nimeliona kwa macho yangu tangu Jumatatu na ni zuri kuliko jiko la nyumbani kwangu. Nikaketi. Nikajisikia mwepesi, nikaanza hata kujisikia shujaa kidogo.

Mke wangu akainua kalamu.

"Na wale wadudu ishirini na watatu," akauliza, "niandikeje?"

"Andika hawakuwepo."

"Na wale kumi na wanne?"

"Nao."

"Na wa kwenye ndoo, bafuni?"

Nikamwambia sijui anazungumzia ndoo gani. Akasema si neno, wale wanane aliwarudisha mwenyewe kituo cha pili Jumamosi ile ile mchana, wote wazima. Akaandika na hilo.

Watu walicheka. Wengine walicheka kwa hasira. Shangazi hakucheka. Kikao kilipokwisha alinijia akanishika sikio, mbele ya watu, nami nina miaka arobaini na saba. Kasema Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi niwe bustanini na jembe, tunaanza matuta upya, na nitamwagilia kwa maji ya kuchota kwa Dobi, ndoo kwa ndoo, mpaka mto upone. Kisha akaniachia sikio, akanifunga kifungo cha shati kilichofunguka. Hapo ndipo macho yaliponiwasha.

Dobi kachaguliwa msimamizi mkuu, mikono yote juu, hata wangu. Mwalimu kapendekeza apewe kile kizibao changu, kwa kuwa kimeshaandikwa tayari. Nimekivua pale pale.

Mlangoni Dobi kanisubiri. Nilijiandaa kwa tusi. Kasema, "Shimo linachukua siku mbili tu, Fundi. Kokoto nitakuletea mimi."

Tusi ningelimudu.

Jumamosi, 28 Machi

Siku mbili zimekuwa sita. Dobi alikuwa anahesabu siku za mtu anayejua kushika sururu.

Bomba limezibwa kwa saruji. Shimo nyuma ya duka limechimbwa, kwa ajili ya maji ya kunawia tu. Tina haimwagwi tena mahali popote. Afisa kanionyesha: unaiweka kwenye dumu, rangi inatuama chini, ya juu inakuwa angavu na unaitumia upya. Rahisi hivyo. Miaka kumi na moja nimekuwa nikimwaga kitu kizima. Matope ya chini anakuja kuyachukua yeye mwenyewe, ndani ya madumu yenye mfuniko.

Dobi amesimamia kila kitu akiwa na kizibao. MSIMAMIZI MKUU. Kwenye mgongo wake mpana herufi zinasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Kazi nzuri ile. Nimemwambia. Kashukuru.

Nina malengelenge kumi na moja. Haya nimeyahesabu kweli.

Asubuhi nipo kwa Shangazi. Ndoo arobaini kutoka bombani kwa Dobi hadi matutani. Shangazi anakaa kwenye kigoda ananielekeza. Hazungumzii samaki. Jana kasema matuta yangu yamepinda. Leo kasema yamepinda kidogo.

Jumamosi, 25 Aprili

Mvua zimepita mara nne, mto umepanda na kushuka. Leo nimehesabu kituo cha tatu, Dobi akiwa shahidi, ndilo sharti la kamati. Nimegeuza mawe ishirini. Mgongo ukakataa. Jiwe la ishirini na moja lilikuwa kubwa, tumelishika wawili.

Walikuwa watatu. Wadogo kuliko punje ya mchele. Wanatembea ndani ya sinia jeupe na mikia yao mitatu, wanatafuta pa kujificha. Nikawatazama mpaka Dobi akauliza kama naumwa. Hawa hakuna aliyewaleta kwa ndoo. Wamekuja wenyewe.

Tumewarudisha chini ya jiwe lao. Nimeandika watatu. Dobi katia sahihi.

Nimempitia Shangazi kumwambia. Alikuwa anafunga nyanya kwenye vijiti. Majani ni ya kijani, yana nywele nzuri za afya. Kasema watatu si haba. Kanipa kazi ya kufunga mstari uliobaki.

Jumatano, 29 Aprili

Habari kubwa. Bonde la jirani wanaanzisha kamati yao, na Afisa wa Maji anataka mimi nikawahutubie. Mimi. Kasema hakuna anayeweza kuwaeleza habari za bomba kama mtu aliyelimiliki. Twende wawili, mimi na Dobi, Jumamosi hii. Nieleze yote kama yalivyotokea, bila kuficha, ndipo watu wajitazame.

Nimeiandika hotuba leo hii hii. Nimeyaeleza yote, ila kwa mpangilio. Mpangilio unasaidia. Inaanza na mchoraji mmoja, mtu makini, aliyeshuku jambo mapema kuliko wenzake. Anafanya uchunguzi binafsi kwenye matete. Anagundua bomba. Wadudu sijawataja, habari zao ni ndefu. Samaki nimewataja kwa jumla.

Nimempa mke wangu asome. Kasoma kimya, kageuza, kaangalia nyuma ya karatasi. Kauliza Dobi yuko wapi. Nikamwambia Dobi yuko ukurasa wa nne. Kasema hotuba ina kurasa tatu. Nikamwambia ndiyo, muda wenyewe ni mfupi.

Tatizo ni Dobi mwenyewe. Akiwa ameketi pale mbele, na ule uso wake, watu watamuuliza maswali, naye atajibu. Hajui kujibu vingine. Kwa hiyo nimelishughulikia. Gari la Afisa linaondoka darajani saa mbili kamili asubuhi na halisubiri mtu. Dobi nimemwambia saa nne.

Hakushuku kitu. Kafurahi sana, kashukuru nimemkumbusha. Kasema siku kama hiyo siwezi kusimama mbele ya watu na shati lenye rangi. Kachukua shati langu jeupe na suruali ya sherehe, nguo pekee nilizo nazo zisizo na doa, anifulie bure. Kasema nisijisumbue kuzifuata. Siku hiyo nije darajani hivi hivi na za kazini, atanikabidhi pale pale zikiwa na joto la pasi, nibadilishe, tuondoke.

Mtu mwema, Dobi. Kila kitu kimekaa sawa. Nalala mapema.